Kubeba chakula cha mchana kutoka nyumbani: kisichache, kisimwagike, na kiokoe hela kweli

Kimara_Mwisho aliuliza:

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri kwa wanaobeba chakula kazini au wanaowapikia wanaobeba.

Nakaa Kimara, Dar es Salaam, kazini ni Posta. Natoka nyumbani saa kumi na mbili kasoro ili kuwahi basi la mwendokasi, na chakula tunakula saa saba mchana. Ofisini hakuna friji wala maikrowevu, kuna birika la umeme tu. Nyumbani nina friji yenye friza ndogo juu, jiko la gesi na jiko la umeme la kupikia wali.

Kwa sasa kila siku ya kazi natumia shilingi 5,000: sahani ya wali au chipsi 3,500, soda 1,000, andazi la saa nne 500. Kwa siku 22 ni 110,000 kwa mwezi, na kliniki nimeshauriwa nipunguze mafuta na sukari.

Nikibeba wali wa nazi na maharage, mara nyingi mchana vina harufu ya kuchacha. Mchuzi nao unavuja kwenye begi. Naomba kujua vyakula gani vinafika salama, vyombo gani vinafaa, na kama kweli nitaokoa hela bila kulazimika kuamka saa tisa usiku.

---

JikoLaTabata alijibu:

Mkuu, shida yako ni joto na muda, mapishi hayana kosa. Vijidudu vinavyoharibu chakula huzaliana kwa kasi kati ya nyuzi joto 5 na 60. Chakula kilichopikwa kikae juu ya 60 au chini ya 5. Hapo katikati hakitakiwi kuzidi saa mbili, na hali ya hewa ikipita nyuzi 32, kama Dar ya Januari na Februari, muda huo unashuka hadi saa moja. Wewe unakiacha vuguvugu saa saba nzima, ndani ya begi, katikati ya msongamano.

Tui la nazi linazidisha tatizo kwa sababu lina maji, mafuta na sukari kidogo, na huwa la kwanza kuchacha. Wali wa nazi, maharage ya nazi na samaki wa kupaka viache kwa chakula cha jioni nyumbani. Cha kubeba kipike bila tui. Ukitaka mchuzi mzito, tumia karanga zilizosagwa na uzichemshe vizuri pamoja na mchuzi.

Kwa mazingira yako una njia mbili tu.

Ya kwanza ni kubeba cha moto kweli. Tafuta hotpoti ya chuma yenye kuta mbili zilizoondolewa hewa katikati, kama chupa ya chai ya chuma ilivyo. Zile za plastiki nje na bati jembamba ndani ni za kupeleka chakula mezani, hazihimili mpaka mchana. Kabla hujaiamini, ijaribu siku ya mapumziko: jaza maji yanayochemka saa kumi na moja na nusu asubuhi, funga, fungua saa saba. Kama una kipimajoto cha chakula, isome. Ikiwa chini ya 60, hotpoti hiyo haikufai. Kama huna, onja maji kwa kijiko. Ukiweza kuyanywa bila kuyapuliza, yameshashuka mno.

Ikifaulu, kila asubuhi fanya hivi. Mimina maji yanayochemka ndani, funga, iache dakika 10 wakati unaoga. Mwaga maji, futa haraka, pakua chakula kikiwa kinatokota, jaza hadi karibu na mdomo, funga mara moja. Ukijaza nusu, hewa iliyobaki juu inakula joto na saa nne tayari chakula ni cha uvuguvugu. Usifungue kuonja njiani.

Ya pili ni kubeba cha baridi kweli. Jaza maji ya kunywa kwenye chupa ya nusu lita hadi robo tatu, kwa kuwa maji yakiganda hutanuka, na uigandishe usiku. Asubuhi iweke juu ya kontena la chakula kilicholala friji, vyote ndani ya mfuko wenye bitana ya kuzuia joto. Kikifika saa saba bado kina ubaridi wa friji ni sawa, na maji ya kunywa unayo. Kwa njia hii beba vitu vinavyolika baridi: mayai ya kuchemsha yasiyomenywa, viazi vitamu au magimbi, saladi ya choroko au kunde, kuku wa kuchoma aliyepozwa.

Usijaribu njia ya tatu ambayo wengi wanaifanya, ya kuweka kontena kwenye maji ya birika ili lipate moto. Katikati ya chakula hakifiki hata nyuzi 60. Unakiongezea tu uvuguvugu ambao vijidudu wanaupenda.

Kuvuja: angalia ule mpira wa mfuniko. Ukitoka kwenye mfereji wake, ukachanika au ukabaki na punje ya wali, mchuzi utapita tu hata ukifunga lachi zote nne. Utoe kila jioni, uoshe, ukauke, ndipo urudishe. Mchuzi uchemshe bila mfuniko dakika tano za mwisho ubaki rojo, na ubebe kwenye kopo la kufunga kwa kuzungusha, si la kubana.

---

HesabuZaGenge alijibu:

Naongeza upande wa hela, maana watu wengi huanza kubeba na mwisho wa mwezi hawaoni tofauti.

Chukua bei za mfano halafu weka za soko lako. Mchele gramu 120 kwa bei ya 3,000 kilo ni 360. Maharage makavu gramu 60 kwa 3,500 kilo ni 210. Nusu fungu la mchicha 250. Mafuta kijiko kimoja cha chakula 90. Nyanya na kitunguu 200. Ndizi mbivu mbili 400. Gesi na umeme weka 200. Jumla 1,710. Siku ya nyama, toa maharage weka gramu 80 za nyama kwa 12,000 kilo, sahani inafika 2,460.

Kwa siku 22, ukila maharage tu unatumia kama 37,600 badala ya 110,000. Ukichanganya, siku 14 za maharage au choroko na siku 8 za nyama, ni kama 43,600. Hotpoti nzuri inajilipa ndani ya mwezi wa kwanza.

Hela inavujia wapi? Kwanza, soda na andazi. Ukibeba chakula lakini ukaendelea kununua hivyo viwili, 33,000 zinaondoka kila mwezi. Hiyo andazi ya saa nne ina sababu: umetoka nyumbani saa kumi na mbili, njaa ni halali. Basi beba vyombo viwili, kimoja kidogo cha saa nne. Usipofanya hivyo utafungua hotpoti saa nne, na saa saba utakuwa unatafuta chipsi.

Pili, kupika sufuria ya pekee kwa ajili ya ofisi. Gesi inaisha na unachoka ndani ya wiki mbili. Chakula cha kubeba kitoke kwenye mboga ya jioni ya nyumba nzima: ongeza kikombe kimoja cha maharage makavu kwenye sufuria ile ile, na upakue sehemu yako KABLA watu hawajala. Ukisubiri kitakachobaki, mara nyingi hakibaki.

Tatu, kununua kidogo kidogo genge la jirani kila siku. Genge ni zuri kwa mboga za majani kwa sababu hazikai. Lakini maharage, choroko, mchele, vitunguu na dagaa nunua mara moja kwa mwezi Kariakoo, Tandale au Buguruni. Ukinunua kwa sado, omba na mizani: sado ni kipimo cha ujazo, na namna muuzaji anavyoijaza inabadilisha uzito unaoupata. Linganisha bei kwa kilo, si kwa sado.

---

Kimara_Mwisho:

Asanteni sana, hii imekaa vizuri. Sasa swali moja. Wali nikiupika usiku, asubuhi nikaupasha mpaka uwe wa moto kabisa, si unakuwa salama? Nyumbani kiporo cha wali tunakila asubuhi na chai miaka yote.

---

JikoLaTabata:

Inategemea umelala wapi, mkuu. Kuna bakteria mmoja anaishi kwenye mchele, Bacillus cereus. Mbegu zake hazifi kwa kuchemka. Wali ukikaa juu ya jiko au mezani usiku kucha, mbegu zinaamka, zinazaliana na kuacha sumu ya kutapisha. Ukipasha asubuhi, bakteria wanakufa lakini ile sumu haivunjwi na moto wa jikoni. Kwa hiyo lile la "ukichemsha tena kila kitu kinakufa" si kweli kwa wali.

Kiporo salama kinatengenezwa usiku ule ule. Wali ukiiva, utandaze kwenye sinia usizidi unene wa vidole viwili, upeperushe, uingie friji ndani ya saa moja. Usiuweke na sufuria nzima ukiwa wa moto: katikati unabaki vuguvugu kwa saa kadhaa na unalipasha joto friji zima. Ule ndani ya siku moja, upashwe mara moja tu mpaka utoe mvuke kila upande.

Ila kwa hali yako ninashauri upike MBOGA JIONI, WANGA ASUBUHI. Mchele uuchambue na uupime usiku, uuache mkavu, asubuhi unauosha, unamimina maji na kubonyeza kitufe. Wali wa mtu mmoja au wawili huiva dakika 20 hadi 25. Wakati huo maharage kutoka friji yanachemka kwenye gesi. Ukiamka saa kumi na moja, saa kumi na moja na nusu umeshafunga hotpoti.

Maharage yenyewe: kilo moja kavu inatoa kama kilo 2.4 yaliyoiva. Loweka saa 8 hadi 12, mwaga maji hayo, weka mapya, yachemke kwa nguvu angalau dakika 10 za mwanzo kabla ya kupunguza moto. Hapo usifanye njia ya mkato, hasa yale mekundu, maana yakiwa mabichi yana sumu yake ya asili inayoleta kutapika na kuharisha. Nyanya na ndimu weka yakishalainika. Tindikali inakaza ganda na utamaliza gesi bure. Magadi yanalainisha haraka lakini yanaharibu vitamini B1. Gawanya kwenye makontena madogo, ya siku mbili yabaki friji, mengine friza. Umeme ukikatika usifungue friza: iliyojaa huhimili hadi saa 48, yenye nusu saa 24, lakini hiyo yako ndogo iliyo juu ya friji ihesabie pungufu ya hapo. Friji lenyewe huhimili muda wa saa nne tu.

---

Mlo_Kamili alijibu:

Kwa upande wa afya, ndugu yangu, naomba usiishie kuhamisha ile sahani ya mgahawani kuileta kwenye hotpoti. Wali ukijaa na mboga kijiko kimoja ni mlo ule ule, umebadilisha chombo tu.

Nusu ya mlo iwe mboga na matunda, robo wanga, robo maharage, samaki, nyama au mayai. Hotpoti za ghorofa huwa na bakuli kubwa chini na dogo juu, na karibu kila mtu anaweka wali kwenye kubwa. Geuza. Wali au ugali wa dona uende kwenye dogo, mboga kwenye kubwa.

Soda ndiyo ya kuacha kwanza kabla hata ya kugusa chakula. Chupa ya mililita 350 ina sukari takriban gramu 37, kama vijiko tisa vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, ambayo kwa mtu wa kalori 2,000 ni gramu 50, na ikishuka hadi 25 ni bora zaidi. Soda moja imeshapita hiyo 25. Chumvi kiwango ni chini ya gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai kwa milo yote, na vile viungo vya mchemraba sehemu kubwa ni chumvi, basi ukiweka kimoja usiongeze chumvi nyingine. Mafuta yapime kwa kijiko. Ukimimina kwa macho kutoka kwenye dumu, unaweka zaidi ya unachofikiri. Kijiko kimoja cha chakula kina kalori kama 120.

Mboga za majani zinahitaji uangalifu wake. Mchicha na matembele ukivipakia vya moto kwenye hotpoti, vinaendelea kuiva kwa mvuke, vinageuka rangi ya kahawia na vitamini C inazidi kupotea. Ukipenda mboga za majani kwa njia ya moto, chagua zinazostahimili: kisamvu kilichotwangwa na kuchemshwa vizuri, au kabichi na karoti zilizokaangwa dakika tatu. Bamia, bilinganya na nyanya chungu navyo vinafika vizuri. Kachumbari ibebe pembeni ikiwa kavu: kata kitunguu, tango, karoti na hoho, osha kwa maji safi na salama, kausha na kitambaa, usitie chumvi. Chumvi inatoa maji na ukifika unakuta supu. Ndimu nzima na pakiti ndogo ya chumvi vikae kwenye droo ya ofisi. Kachumbari yenyewe iweke pamoja na ile chupa ya barafu.

Ndimu ina kazi nyingine. Madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mboga yanafyonzwa vizuri zaidi ukila na kitu chenye vitamini C, kama ndimu, chungwa, papai au embe. Chai inazuia ufyonzaji huo. Kwa hiyo kama lile birika linakuita, subiri walau saa moja baada ya kula.

Dagaa ni rafiki mkubwa wa anayebeba. Toa vichwa, osha kwa maji ya moto mara tatu mpaka mchanga usionekane chini ya bakuli, kausha, kaanga na kijiko kimoja cha mafuta mpaka wakauke na kulia ukiwavunja, malizia na kitunguu na ndimu. Kwa kuwa wanaliwa na mifupa, wana kalsiamu nyingi. Ubora wake ni huo ukavu. Ukiwatia rosti ya nyanya, wanarudi kuwa mboga ya kawaida inayohitaji moto au barafu.

Kwa saa nne: karanga za kukaanga kiganja kimoja na ndizi. Karanga yenye ukungu, iliyosinyaa au chungu, itupe, usichague tu zile mbaya ukala zilizobaki kwenye fungu hilo. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haiondoki kwa kukaanga.

---

Dada_wa_Ilala alijibu:

Mimi napingana kidogo na walionitangulia. Si lazima ubebe kila kitu, na si kila mama lishe ni adui wa afya. Kuna anayeanza, siku ya tatu anachelewa kuamka, anaacha kabisa. Kama mama lishe wa jirani na ofisi yenu anapika usafi na anapakua ikiwa inatoka mvuke, muombe akuuzie ugali au wali mtupu na maharage, kipimo kidogo, asiongeze mafuta juu. Wewe beba kachumbari, tunda, karanga na maji. Utalipa kama nusu ya sahani nzima, na wanga na maharage, ambavyo ndivyo vinavyochacha njiani, umevikwepa. Mpelekee kontena lako mwenyewe.

Fanya hivyo siku mbili kwa wiki, zile unazojua utachelewa kulala, na tatu ubebe kamili. Ratiba ya aina hiyo inadumu.

Kuhusu kontena, angalia alama ya pembetatu chini. Yenye namba 5 inahimili chakula cha moto. Makopo ya aiskrimu na majarini yalitengenezwa kwa vitu vya baridi, usiyatie maharage yanayotokota. Yale meupe mepesi ya povu la plastiki (styrofoam), namba 6, nayo si ya kurudia wala si ya moto.

---

HesabuZaGenge:

Naunga mkono Dada. Kwa hesabu: siku mbili kwa wiki ukinunua wanga na maharage kwa 1,500 na kubeba vya pembeni vya 700, ni 2,200 kwa siku. Bado uko chini ya nusu ya 5,000.

---

Kimara_Mwisho:

Nimeelewa. Jumapili naijaribu hotpoti kwa maji kwanza. La mwisho: makande yanafaa? Na harufu ya samaki kwenye hotpoti inatokaje?

---

JikoLaTabata:

Makande yanafaa kuliko karibu kila kitu: chombo kimoja, hayamwagiki, yana mahindi na maharage pamoja, yanakaa friza vizuri na yanashika joto kwa sababu ni mazito. Yapike bila nazi, na yapashe na maji kidogo hadi yachemke mpaka katikati, ukikoroga, kwa kuwa mazito hushika chini wakati juu bado baridi.

Harufu haikai kwenye chuma, inakaa kwenye ule mpira. Utoe, uloweke dakika 30 kwenye maji ya uvuguvugu yenye kijiko kimoja cha chakula cha soda ya kuokea kwa nusu lita, suuza, anika kivulini. Hotpoti yenyewe ilale wazi usiku, usiifunge ikiwa na unyevu. Mpira ukibaki na harufu baada ya hapo, au ukiwa na madoa meusi, tafuta mwingine wa saizi hiyo kwenye maduka ya vyombo Kariakoo. Nenda na mfuniko wako, usikadirie kwa macho.

Samaki wabebe waliokaangwa au kuchomwa. Vibua wa soko la samaki la Feri, wakiwa wabichi kweli, macho angavu na matamvua mekundu, watoe matumbo haraka na uwahi kuwaweka kwenye baridi. Kibua akikaa kwenye joto anatengeneza kemikali iitwayo histamini, ambayo kupika hakuiondoi, na inaleta kuwashwa na uso kuwa mwekundu ndani ya saa moja ya kula. Kama hukuweza kumfikisha kwenye barafu mapema, siku hiyo beba dagaa.